Haki ya Kutangulia katika Njia ya Waya

Mkataba wa Telegrafu uliotiwa sahihi mjini Paris mwaka 1865 uliziweka simu za maandishi katika mafungu matatu, yaani za serikali, za idara ya telegrafu yenyewe, na za raia, ukaamuru kwamba za serikali zitangulie; hivyo waya wa baharini ulipowasili Unguja kutoka Aden mwaka 1879, desturi hiyo ilikuwa imekwisha kukomaa, na cheo cha mpelekaji ndicho kilichohukumu nani apite na nani asubiri.

Majeshi nayo yaliishika desturi hiyo. Katika miaka ya 1960 jeshi la Marekani lilijenga mtandao wa simu ulioitwa AUTOVON, ambao baadhi ya simu zake zilikuwa na safu ya ziada ya vitufe vinne, ili mkubwa abonyeze daraja yake na, njia zikijaa, mazungumzo ya mdogo yakatwe kumpisha. Walioandika kanuni ya IP, ipitishayo pakiti za data baina ya kompyuta, mwezi wa Septemba 1981 walitenga biti tatu katika kichwa cha kila pakiti kwa ajili ya daraja nane, baadhi ya majina yake yakiwa ni yale yale ya kijeshi. Lakini ruta nyingi, yaani vifaa vielekezavyo pakiti njiani, zilizipuuza.

Lililogeuza mambo ni sauti. Simu za maofisini zilipoanza kupita katika waya mmoja na mafaili, ilidhihirika kwamba faili likichelewa nusu sekunde hakuna adhurikaye, ilhali mazungumzo yakichelewa mno kupita milisekunde 150, wasemaji huanza kuingiliana maneno. Fremu ya Ethaneti, yaani kifurushi cha data kipitacho katika waya wa ofisini, haikuwa na mahali pa kuandikia daraja. Ndipo mwaka 1998 kanuni ya IEEE 802.1Q ilipoiongezea kipande cha biti 32, tatu miongoni mwake zikiwa za daraja, kuanzia 0 hadi 7. Tangu hapo swichi, yaani kifaa kigawacho fremu hizo, iliweza kuangalia, si heshima ya aliyeleta, bali kilicholetwa kinavumilia kungoja kwa kiasi gani. Ajabu ni kwamba 1 iliwekwa chini ya 0, kwa kuwa 0 ni ya fremu isiyodai lolote, na 1 ni ya kazi kama kunakili akiba ya mafaili, ambayo yaridhia kupitwa hata na iliyonyamaza.

Hata hivyo ulaghai haukukosa mlango, kwani kompyuta yoyote yaweza kujiandikia 7. Kwa sababu hiyo mafundi huiamuru swichi ifute alama zitokazo katika kompyuta za watu na kuziamini zile za simu, tena foleni ya sauti huiwekea mpaka, kwa maana ikiachiwa kutangulia daima bila ya kiasi, zilizo nyuma yake hazitapata zamu.