Safari ya Bango la Utafiti hadi Mdandu

Kwa karne tatu, mwanasayansi aliyekuwa na jambo jipya alilisoma kwa sauti mbele ya wenzake. Ndivyo ilivyokuwa katika Royal Society ya London, iliyoanzishwa mwaka 1660, na ndivyo ilivyokuwa bado Wajerumani walipojenga taasisi yao ya utafiti huko Amani, Usambara, mwaka 1902. Elimu iliyochumwa katika ardhi yetu ilisafiri ikiwa ripoti, kwa Kijerumani na baadaye kwa Kiingereza, ikajadiliwa katika kumbi za mbali. Mkulima wa Ubena, eneo la Njombe ya leo, hakuhesabiwa miongoni mwa wasikilizaji wake.

Baada ya Vita Kuu ya Pili utaratibu huo ulielemewa. Serikali za nchi tajiri zilimimina fedha katika utafiti, watafiti wakaongezeka, na wasemaji wakawa wengi kuliko saa za kongamano. Mwaka 1969, katika mkutano wa vyama vya baiokemia vya Ulaya uliofanyika Madrid, baadhi ya washiriki walipewa ukuta badala ya jukwaa: wabandike matokeo yao, wasimame kando, apitaye asome na kuuliza. Mwaka 1974 mtindo huo ulifika Minneapolis, Marekani, kisha ukaenea kila fani. Bango la utafiti lilizaliwa na uhaba wa muda, na asili hiyo bado inalitawala. Msomaji wake amesimama, amechoka, na mabango mengine mengi yanamwita.

Miaka hiyohiyo Tanzania ilikuwa na shule yake ya kusema na umma. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio na kusoma vijitabu, na vijijini vyoo vikachimbwa. Kampeni nzima ilibebwa na maneno matatu. Naitaja kwa makusudi, kwa kuwa katika maneno hayo matatu naona ufundi ambao waandaaji wa mabango ya kisayansi wangeuhitaji sana miongo iliyofuata.

Taasisi za utafiti zikafuata: ile ya utafiti wa tiba, NIMR, mwaka 1979, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine mwaka 1984, na Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, mwaka 1986. Bango la wakati ule lilikuwa karatasi zilizopigwa chapa, zikakatwa kwa mkasi na kubandikwa kwenye kadi ngumu. Kazi ilikuwa ya mikono, na kila neno lililoongezwa liliongeza jasho. Programu ya PowerPoint ilipotoka mwaka 1987, na mashine za kuchapa karatasi pana zilipoenea miaka ya 1990, jasho hilo likakauka. Karatasi moja ya A0, milimita 841 kwa 1,189, ikapokea makala nzima: utangulizi, mbinu, majedwali, marejeo, kwa herufi ndogo zisizosomeka hatua mbili mbele. Unadhifu ulipatikana na msomaji akapotea. Mwaka 2019 Mike Morrison, mwanafunzi wa uzamivu nchini Marekani, alipinga desturi hiyo kwa video iliyosambaa sana: tokeo kuu liandikwe katikati kwa lugha nyepesi na herufi kubwa, maelezo yakae pembeni, na makala kamili ifikiwe kwa msimbo wa QR.

Lakini herufi kubwa pekee hazitoshi; tazama takwimu za Njombe. Mkoa huo ulizaliwa mwaka 2012 kutoka Iringa, na Mdandu ikawa ndani ya wilaya mpya ya Wanging'ombe. Utafiti wa kitaifa wa 2011–12 ulikuta maambukizi ya VVU Njombe ni asilimia 14.8 ya watu wa miaka 15 hadi 49, huku taifa likiwa na 5.1. Ule wa 2022–23 ulikuta asilimia 12.7 kwa wenye miaka 15 na zaidi, taifa likiwa na 4.4. Hapa ndipo bango hujaribiwa. Mwandaaji mwenye haraka atachora mstari mmoja ushukao na kuandika kuwa maambukizi yamepungua, ilhali makundi ya umri hayalingani. Tena dawa za kufubaza virusi, zinazotolewa kwa mpango wa taifa tangu 2004, zimewapa watu uhai mrefu. Idadi ya wanaoishi na VVU yaweza kubaki juu hata maambukizi mapya yakishuka. Umri uandikwe kando ya kila nguzo ya grafu, kwa herufi zisizohitaji kuinamiwa. Hilo ni deni kwa waliotoa damu yao ipimwe.

Leo mtafiti atokaye Mdandu hupanda basi Makambako kuelekea Dar es Salaam akiwa na bango la karatasi ndani ya mrija wa plastiki begani, au na la kitambaa lililokunjwa kama khanga. Lililochapwa kwenye kitambaa hurudi bila mikunjo mibaya. Likiwa na tokeo lake kuu kwa Kiswahili hapo katikati, laweza kutundikwa ukutani pale wagonjwa wanapokaa benchi wakisubiri kuitwa, na mama aliyempakata mtoto akalisoma bila kuinuka.