Historia Fupi ya Zeze Letu, na Zeze Moja la Mtoto



Kila mwaka katika kijitabu hiki cha harambee sisi wa kamati ya fedha hupewa ukurasa wa mahesabu, nanyi huusoma mkiwa mmesimama, mkitafuta jina lenu kwenye orodha ya michango. Mwaka huu tumeomba kurasa zaidi. Katika makisio tuliyowatumia kulikuwa na kifungu kidogo kilichoandikwa "Mazeze ya watoto", na kifungu hicho kimetuletea maswali mengi kuliko kisima na zahanati kwa pamoja. Wengine walidhani tumekosea kuandika. Hatukukosea, na makala hii ndiyo maelezo yake.

Zeze lenyewe

Wazee hawahitaji kuelezwa zeze ni nini, lakini watoto wetu waliozaliwa Tabata, Mbagala na Nyegezi wanahitaji. Ni kibuyu kikavu kilichokatwa mdomo na kufunikwa ngozi, kikapenywa na mti mrefu mwembamba. Nyuzi zinatoka mwisho wa mti hadi kwenye vigingi vya juu, zikipita juu ya kidaraja kidogo kilichosimama kwenye ngozi. Mpigaji anaegemeza kibuyu tumboni, anagusa nyuzi kwa vidole vya mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia anavuta uta. Uta ni fimbo iliyopindwa na kufungwa nyuzi za mkonge, zikapakwa utomvu ili ziukamate uzi wa zeze. Bila utomvu uta unateleza na zeze halilii.

Zeze la zamani lilikuwa na uzi mmoja au miwili. Nyuzi zilikuwa kano za mnyama, na baiskeli zilipoingia vijijini watu wakaanza kuchambua nyaya za breki. Ukiacha huo waya, hakuna kitu katika zeze kinachotoka dukani. Kibuyu kinatoka shambani kati ya mtama na uwele, ngozi inatoka kwa mbuzi, mti na utomvu vinatoka porini. Kwa lugha yetu ya uhasibu, ni mali ambayo haikuwahi kuandikwa kwenye daftari lolote, na pengine ndiyo maana ilipopotea hakuna aliyeona upungufu.

Lilipopita

Babu zetu waliishi kwenye njia ya misafara iliyotoka pwani kwenda Tabora, na watemi wa Ugogo walitoza hongo kwa maji na chakula. Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910. Muda mfupi baadaye ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Majeshi ya pande zote mbili yakachukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, na mvua zilipokosekana ikafuata njaa ambayo wazee wanaiita Mtunya. Mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta Kongwa kulima karanga, na kufikia 1951 walikuwa wameshindwa. Mwaka 1971 tulikusanywa katika vijiji kwa Operesheni Dodoma, Mwalimu Nyerere mwenyewe akaenda Chamwino kushiriki kazi na wananchi. Mwaka 1973 ikaamuliwa kwamba makao makuu ya nchi yahamie kwetu.

Tunayataja haya ili tuone zeze limepita wapi. Nyumba za tembe zilivunjwa, mifugo ilikufa, watu walihama zaidi ya mara moja, lakini aliyekuwa na mbuzi mmoja na mbegu za vibuyu aliweza kutengeneza zeze jingine. Kilichohitajika ni mtu mzima anayejua, na mtoto aliyekaa karibu naye akiangalia.

Aliyelifikisha mbali kuliko wote ni Hukwe Zawose, mwana wa Ugogo. Inasimuliwa kwamba Mwalimu alimsikia akipiga, akamwita Dar es Salaam. Baadaye alikaa Bagamoyo, ambako Chuo cha Sanaa kilianzishwa mwaka 1981, kile ambacho leo tunakiita TaSUBa. Hakuridhika na nyuzi mbili. Alijitengenezea mazeze makubwa yenye nyuzi nyingi, akazunguka nayo dunia, na kampuni ya Real World ya Uingereza ikatoa santuri zake. Alifariki mwaka 2003. Mwaka 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah walitoa albamu yao "Maisha" kwa jina la The Zawose Queens. Wanawake wa kwetu tunawajua kwa kupiga ngoma za muheme, na hakuna anayewazidi; lakini zeze lilikuwa la wanaume. Kumbukeni jambo hilo, tutalirudia.

Na hapo nyumbani, tangu mwaka 2009 Tamasha la Muziki wa Cigogo limekuwa likifanyika Chamwino, vikundi vikitoka vijijini kuja kuimba na kucheza. Kwa hiyo hatuwezi kusema muziki wetu umekufa. Tunachosema ni kwamba katika kata yetu mazeze yamekaribia kwisha.

Lilipoishia kwetu

Sisi tunaoandika tuna umri wa miaka arobaini na kitu. Tulisoma shule za bweni, tukapata ajira mijini, na kwa muda mrefu tuliona fahari kusema hatujui kupiga zeze, kama mtu anavyoona fahari kusema hajui kuchunga. Mmoja wetu alirithi zeze la babu yake, akalitundika sebuleni kwake Kimara kama pambo. Panya walikula ngozi. Hakujua amtafute nani wa kulitengeneza, akalitupa kibuyu na kubaki na mti. Ameturuhusu tuliandike hili, ila jina lake tusilitaje.

Mwaka juzi tulijaribu kurekebisha mambo kwa njia ya mjini: tulichanga, tukanunua magitaa mawili, tukayapeleka shuleni kwa sherehe na picha. Watoto waliyafurahia kwa wiki chache. Nyuzi zilipokatika hapakuwa na duka la kununua nyingine. Na mzee mmoja alituambia jambo ambalo hatukulifikiria: sauti za nyimbo zetu hazikai kwenye gitaa. Alikuwa sahihi. Vyuma vidogo vilivyopigiliwa kwenye shingo ya gitaa vimepangwa kwa vipimo vya kinanda. Nyimbo za Kigogo zinafuata ngazi nyingine, ile inayotoka kwenye uzi wenyewe unapotetema, na mtoto aliyezoea kuimba na bibi yake anasikia mara moja kwamba gitaa linakwenda upande. Lile lilikuwa kosa letu, na fedha zilikuwa zenu. Limeandikwa pia kwenye ukurasa wa mahesabu.

Zeze la mtoto

Baada ya hapo tukafanya ambalo tungefanya mwanzo: tukahesabu. Tulipita vijiji vyote vya kata tukiuliza kila kaya. Tulipata mazeze tisa. Yanayolia ni matano. Watu wanaojua kuyatengeneza ni wawili, na mmoja wao macho yamepungua.

Kiangazi kilichopita tukamwendea yule mwenye macho mazuri, tukamwomba atengeneze zeze la kujifunzia, sisi tukimsaidia. Alituuliza ni la mtoto gani. Tukasema la shule. Akasema zeze la shule hajawahi kutengeneza, kwa sababu hajui mkono wa shule una urefu gani. Basi akamwita mjukuu wake, msichana wa miaka minane, akamwambia anyooshe mkono wa kushoto, akaupima kwa fimbo. Mti wa zeze ukakatwa kwa kipimo hicho, na kibuyu kikachaguliwa kinachokaa tumboni mwake bila kumlazimisha kuinama. Mmoja wetu akauliza kama msichana anaruhusiwa. Mzee akajibu kwamba wavulana wamekwenda kuendesha bodaboda, na aliyebaki anamsikiliza ni huyu.

Zeze la kwanza liliharibika, na tulioliharibu ni sisi. Tulifika Ijumaa jioni na basi letu lilikuwa Jumatatu alfajiri. Ngozi inavutwa juu ya kibuyu ikiwa mbichi, inabanwa pembeni kwa vijiti vidogo vyenye ncha kama miiba, kisha inaachwa kivulini ikauke taratibu. Tulimwomba mzee aianike juani ili tuone matokeo kabla ya kuondoka. Alikataa mara mbili, mara ya tatu akanyamaza kwa heshima ya wageni. Usiku ule ngozi ilijikaza haraka, kibuyu kikapasuka. Tuliisikia sauti yake tukiwa ndani. Asubuhi mzee hakutukaripia. Alisema tu, "Wanangu, mmekuja na saa. Zeze linakuja na mvua na kiangazi."

La pili alilitengeneza baada ya sisi kuondoka. Kibuyu alikichagua kwa kukigonga kwa ukucha. Kinachojibu kwa sauti kavu ndicho kilichokomaa. Ngozi ilikauka kwa siku zake. Aliweka uzi mmoja tu. Tulipompigia simu kuuliza kwa nini si miwili, alisema mtoto akipewa miwili atakuwa anatafuta ule rahisi. Ajue kwanza kuutoa mmoja sauti zote zilizomo ndani yake, ndipo aongezewe wa pili. Kigingi chake kimekwisha kutobolewa tundu, kinasubiri.

Tulikwenda tena mwezi wa kumi. Yule msichana alitupigia. Uta ulikuwa unakwaruza na katikati alisimama kupaka utomvu. Lakini bibi yake, aliyekuwa jikoni akisonga ugali wa uwele, alianza kuimba kufuata, na hakuhitaji kubadilisha sauti. Ndugu zetu, tumehudhuria uzinduzi mwingi wa miradi ya umoja huu. Mara nyingi wenyeji hukaa kwenye viti wakisubiri hotuba ziishe. Safari hii mwenyeji aliingia kazini bila kuitwa.

Tunachoomba

Wapo waliosema fedha zote ziende kwenye maji. Tunakubaliana nao kwamba maji ni ya kwanza, na mtaona kwenye makisio kwamba kisima kinachukua sehemu kubwa kuliko vifungu vyote. Kifungu cha mazeze ndicho kidogo kuliko vyote, kwa sababu vifaa karibu vyote vinapatikana hapo hapo. Tunacholipia hasa ni muda wa wazee wawili, kwa mwaka mzima, wa kukaa na watoto. Na muda huo ndicho kitu pekee katika makisio haya ambacho mwakani huenda tusiweze kukinunua kwa bei yoyote.

Kwa hiyo mpango wetu unafuata majira. Mvua za Desemba zikianza, watoto kumi na wawili watapanda vibuyu kwenye shamba la shule. Kiangazi wataviokota, watavikausha, na kila mtoto atatengeneza zeze lake mwenyewe, lililopimwa kwa mkono wake, chini ya uangalizi wa wazee wetu. Hatutaomba taarifa ya maendeleo kila mwezi, na safari hii hatutaweka tarehe ya uzinduzi.

Atakayeweza, achangie kupitia kwa mweka hazina kama kawaida. Asiyeweza, tunamwomba kitu kimoja: kama kuna zeze la babu limetundikwa sebuleni kwako, lishushe ukaliangalie ngozi. Kama imeliwa, usilitupe. Ukija nyumbani Krismasi njoo nalo, na uje na mwanao, apimwe mkono.