Kabureta Kubwa na Mlima wa Newala

Pasaka ya mwaka 1973 sisi wanachuo wa ualimu tuliizunguka redio moja bwenini, tukifuatilia mashindano ya magari ya Safari ya Afrika Mashariki, yaliyoanzishwa mwaka 1953. Alishinda Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, pamoja na Lofty Drews, katika Datsun 240Z. Alikuwa amefungana kwa alama na Harry Källström; ushindi ukaamuliwa kwa kuangalia ni nani aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu.

240Z lilikuwa gari la mbio la watu wawili kutoka Japani, lenye injini ya silinda sita, ujazo wa cc 2,393, na kabureta mbili. Wapenzi wa gari hilo wamezoea kuzitoa hizo mbili na kuweka tatu, za Weber au Mikuni. Kila moja ina makoo mawili, hivyo kila silinda hupata koo lake. Sisi vijana tulijifunza somo moja tu: kabureta kubwa ndiyo nguvu.

Somo hilo nilikwenda nalo hadi nikawa mkuu wa chuo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 petroli ilikuwa adimu na vipuri havipatikani. Land Rover yetu ilikuwa ikichoka ipandapo kutoka Masasi kwenda Newala, pale barabara inapoiacha milima ya mawe na kuupanda uwanda wa Makonde. Fundi mmoja akaniambia ana kabureta iliyotolewa kwenye lori. Hakunidanganya, mimi ndiye niliyesema, "Funga hiyo."

Kwenye tambarare ilinguruma vizuri. Mlimani, kila nilipokanyaga mafuta, injini ilikohoa na kutaka kuzima. Sababu yake niliielewa baadaye. Petroli hunyonywa na kasi ya hewa ipitayo kwenye koo la kabureta. Koo likiwa pana kuliko pumzi ya injini, hewa hupita polepole, mvuto hupungua, na petroli hudondoka kwa matone badala ya kuwa ukungu. Zile kabureta tatu za 240Z zinafaa kwa injini inayozunguka kwa kasi sana, na hata hapo fundi hana budi kuchagua jeti, kupima mchanganyiko na kurekebisha muda wa cheche. Kabureta haitengenezi nguvu. Inapima tu chakula cha injini.

Tulifika Newala usiku, tukiwa tumeunguza karibu mgao wetu wote wa petroli. Wanachuo sita waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha kwenye shule za mbali za uwandani hawakukaguliwa muhula ule. Vyeti vyao vilichelewa mwaka mzima, na mishahara yao pia. Mmoja alikuwa akisomesha wadogo zake.

Fundi alirudisha kabureta ya zamani, akasafisha jeti, akabadilisha chujio la hewa na plagi. Gari likapanda mlima bila kukohoa. Halikuwa limekosa kabureta kubwa, lilikosa matunzo.

Wahenga walisema mkamia maji hayanywi. Nimewaomba radhi wale sita, mmoja mmoja, kila nilipokutana nao. Watano wamenisamehe kwa kicheko. Yule aliyekuwa akisomesha wadogo zake alinipa mkono tu, wala simlaumu.