Majina ya Vyakula kama Ushahidi wa Historia: Mapishi ya Kikrioli ya Louisiana

Historia ya watumwa wa Kiafrika nchini Marekani iliandikwa zaidi kwa kalamu ya waliowamiliki. Katika hati hizo mpishi mara nyingi huonekana kama mali, pamoja na bei yake. Hata hivyo, majina ya vyakula alivyovipika yamebaki, nayo yastahili kuchunguzwa kama ushahidi.

Louisiana yatoa mfano ulio wazi. Wafaransa waliuanzisha mji wa New Orleans mwaka 1718, na mwaka uliofuata meli za kwanza za watumwa kutoka Afrika zilifika katika koloni hilo. Wengi wa watumwa wa enzi ya Wafaransa walitoka Senegambia, nchi ya wakulima wa mpunga. Chini ya utawala wa Wahispania waliongezeka watu wa Kongo.

Chakula mashuhuri cha huko ni gumbo, mchuzi mzito wa kamba, kuku au nyama, unaoliwa kwa wali. Wanaisimu wengi hulihusisha neno hilo na lugha za Kibantu za Angola, ambamo bamia huitwa kingombo kwa Kimbundu na ochingombo kwa Kiumbundu. Viambishi ki- na ochi- ni vya ngeli, nasaba moja na ki- ya Kiswahili. Kiambishi kimedondoka, mzizi umebaki. Mswahili mwenyewe, aliye jirani zaidi wa lugha hizo, hutumia neno bamia lenye asili ya Kiarabu.

Haifai, hata hivyo, kudai kuwa gumbo ni ya Waafrika peke yao. Huongezwa uzito kwa bamia ya Waafrika, kwa unga wa majani ya msasafrasi wa Wachoctaw, au kwa unga wa ngano uliokaangwa kwa mafuta, kama wafanyavyo Wafaransa. Wachoctaw waliuita unga wao kombo, na baadhi ya waandishi wamedai kuwa hiyo ndiyo asili ya neno. Hoja hiyo ina udhaifu: katika visiwa vya Karibi, mbali na Wachoctaw, wasemaji wa Kikrioli cha Kifaransa huita bamia gombo.

Vivyo hivyo, karanga katika majimbo ya Kusini huitwa goober, kutokana na nguba ya Kikongo. Mwaka 1949 Lorenzo Dow Turner alionyesha wingi wa maneno na majina ya Kiafrika katika Kigullah cha South Carolina na Georgia, lugha ambayo wasomi waliomtangulia waliidharau kuwa Kiingereza kibovu.

Yafaa pia kumtaja Abby Fisher, mzaliwa wa South Carolina wa enzi ya utumwa, ambaye kitabu chake cha mapishi kilitolewa San Francisco mwaka 1881. Hakujua kusoma wala kuandika; alisema, wengine wakaandika. Pishi la wali liitwalo jambalaya limeandikwa humo "Jumberlie", kwa kadiri sikio la mwandishi lilivyosikia. Katika tahajia hiyo msomaji aipata sauti ya mpishi.

Basi uchunguzi wa istilahi za jikoni si jambo la pembeni katika isimu. Penye hati zilizonyamaza kuhusu mpishi, neno lake lingali linasema alikotoka.