Uga Sumaku wa Nyaya za Umeme na Usalama wa Ini

Wananchi wanaoishi jirani na njia kuu za kusafirisha umeme wamekuwa wakiuliza iwapo uga sumaku unaotokana na nyaya hizo unaweza kudhuru ini. Swali hilo ni la msingi, kwani ini ndilo linalochuja sumu mwilini na ugonjwa wake huchelewa kuonesha dalili.

Umeme wa gridi ya Taifa hukamilisha mizunguko 50 kwa sekunde, yaani hezi 50. Masafa hayo ni ya chini mno na hayana nishati ya kuvunja vinasaba kama ifanyavyo mionzi ya eksirei. Uga umeme hupunguzwa kwa kiasi kikubwa na kuta, miti na hata ngozi. Uga sumaku, kwa upande wake, hupenya mwili mzima, ini likiwamo, na ndiyo maana watafiti wameuelekeza macho zaidi.

Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2010 umeweka ukomo wa mikrotesla 200 kwa wananchi na 1,000 kwa wafanyakazi wa sekta husika. Chini kabisa ya njia ya msongo mkubwa, kipimo huweza kufikia takriban mikrotesla 20, kisha hushuka haraka kadiri mtu anavyosogea mbali. Ndani ya nyumba nyingi wastani haufiki hata mikrotesla moja.

Zipo tafiti za maabara zilizoripoti kupanda kwa vimeng'enya vya ini katika panya waliowekwa kwenye uga sumaku, na zipo nyingine ambazo hazikuona badiliko lolote. Msomaji anayekutana na taarifa za aina hiyo atazame kwanza kipimo kilichotumika, kwa kuwa nyingi kati ya tafiti hizo hutumia viwango vinavyozidi mara kadhaa ukomo wa wananchi. Mpango wa Taifa wa Sumu wa Marekani, katika ripoti yake ya mwaka 1999, uliwaweka panya katika uga wa hadi mikrotesla 1,000 kwa zaidi ya saa 18 kwa siku, kwa takriban miaka miwili. Saratani ya ini haikuongezeka, ingawa aina ya panya wadogo waliotumika hupata uvimbe wa ini kwa urahisi.

Ni kweli kwamba mwaka 2002 Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani uliuweka uga huu katika kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani. Msingi wake, hata hivyo, ulikuwa saratani ya damu kwa watoto, si ini. Tathmini ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2007 ilieleza kuwa ushahidi kuhusu magonjwa mengine ni dhaifu zaidi.

Hatari iliyo karibu ni mgonjwa kulaumu nyaya na kuchelewa kupimwa. Homa ya ini aina ya B, pombe na sumukuvu katika mahindi na karanga ni visababishi vinavyojulikana. Mwaka 2016 sumukuvu ilisababisha vifo mkoani Dodoma na Manyara. Mwenye macho ya manjano, mkojo mweusi au tumbo linalojaa maji afike kituo cha afya bila kusubiri.

Katazo la kujenga ndani ya mkuza wa njia ya umeme linabaki palepale, kwa kuwa waya ukikatika huua papo hapo.