Nukta Zisizokaa Mstarini

Mwaka jana nilifuta nukta tatu kwenye grafu ya tasnifu yangu ya uzamili. Nadharia ilisema lazima zikae kwenye mstari, nazo hazikukaa. Nilijiambia ni makosa ya kipimo, nikazifuta, nikalala. Zilinirudia nilipoanza kusoma historia ya atosekunde.

Gawanya sekunde moja mara bilioni, kisha chukua kipande kimoja ukigawanye tena mara bilioni: hiyo ndiyo atosekunde. Mwendo wa elektroni ndani ya atomu hupimwa kwa makumi au mamia ya vipande hivyo. Mapigo ya leza ya femtosekunde, yaliyomwezesha Ahmed Zewail kupata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1999, yaliweza kufuatilia atomu zikisogea ndani ya molekuli. Kwa elektroni yalikuwa marefu mno. Ilikuwa kama kupiga picha feni inayozunguka: mapanga huyaoni, unaona ukungu tu.

Mwaka 1987, katika kituo cha utafiti cha Saclay karibu na Paris, Anne L'Huillier na wenzake walielekeza leza kali ya infraredi kwenye gesi ya argoni. Uzi wa gitaa ukipigwa hutoa sauti yake kuu pamoja na sauti nyembamba zaidi juu yake. Gesi nayo ilitoa mwanga wenye masafa mara 3, mara 5, mara 7 ya yale ya leza, na kuendelea. Nadharia iliyozoeleka ilitabiri kwamba kila ngazi ingekuwa hafifu kuliko iliyotangulia. Ngazi za mwanzo zilitii. Kisha mwanga ukagoma kushuka, ukabaki na nguvu ya karibu sawa ngazi baada ya ngazi, na harmoniki ya 33 ikaonekana. Grafu iliyopaswa kuwa mteremko ilikuwa na uwanda katikati.

Maelezo rahisi ya uwanda huo yalikuja mwaka 1993, Paul Corkum wa Kanada alipoeleza hatua tatu. Uga wa umeme wa leza huing'oa elektroni kutoka kwenye atomu. Huisukuma mbali. Uga unapogeuka, elektroni hurudishwa kwa kasi, na ikiungana tena na atomu yake, nishati iliyobeba hutoka kama mwanga. Kwa kuwa tukio hilo huchukua sehemu ndogo tu ya wimbi moja la leza, mwanga hutoka katika vipande vya atosekunde.

Ilibaki kuthibitisha. Mwaka 2001 Pierre Agostini na kundi lake waliupima mfululizo wa mapigo yenye atosekunde 250 kila moja. Mwaka huohuo, mjini Vienna, kundi la Ferenc Krausz lilitenga pigo moja la atosekunde 650. Mwaka 2003 Krausz na wenzake, akiwemo Theodor Hänsch, walidhibiti hata umbo la mawimbi ndani ya pigo la leza, hivyo wakaweza kuamua elektroni isukumwe lini na kwa nguvu gani. Kutazama kuligeuka kuwa kuongoza.

Tuzo ya Nobel ya Fizikia ilikuja Oktoba 2023, kwa Agostini, Krausz na L'Huillier. Simu ilimkuta L'Huillier akifundisha mjini Lund, Sweden. Akarudi darasani kumalizia kipindi.

Kati ya uwanda ule na mapigo yaliyopimwa kuna miaka 14. Mimi programu yangu ni ya miaka 2, na siku za kuwasilisha zinahesabika, kwa hiyo najua ni kwa nini mtu hufuta. Lakini fikiria kama mtu pale Saclay angeunyoosha mstari ule ili upendeze.

Wiki iliyopita nilimwandikia msimamizi wangu, nikakiri, na nukta tatu nikazirudisha. Huenda ni vumbi kwenye kioo. Sasa itabidi nilitafute hilo vumbi.