Kadi Iliyobaki Kliniki

Leo sianzi na tembe wala sindano. Naanza na nyanya zetu.

Wao walipanga uzazi bila kliniki. Mtoto alinyonya miaka 2 au zaidi, na katika jamii nyingi baba na mama hawakulala pamoja hadi mtoto apate nguvu. Kwa hivyo anayekuambia jambo hili lililetwa na wageni, mwambie kilicholetwa ni dawa.

Serikali yetu ilianzisha mpango wa kitaifa wa uzazi mwaka 1967, ya kwanza kusini mwa Sahara. Hata hivyo, uchunguzi wa 1977-78 ulikuta kwamba kati ya wanawake 100 walioolewa, 7 tu ndio waliotumia njia yoyote. Mama alizaa kwa wastani watoto 8. Watu waliogopa, ati serikali inataka kupunguza kabila fulani. Tena shauri lilikuwa la mume na mama mkwe. Na tembe za kila siku utazificha wapi katika nyumba ya chumba kimoja?

Sindano ya miezi 3 haifichwi popote. Kufikia 1998 ilikuwa imeipita tembe.

Nilipoanza kazi, mama wa watoto 5 alinisukumia kadi yake. "Sista, kaa nayo. Ikionekana nyumbani nitarudishwa kwetu." Chuoni tulifunzwa kumwambia mama aje na mumewe. Huyu ningemwambia hivyo, nisingemwona tena. Droo yetu ilijaa kadi kama hizo. Yeye alikuja akibeba mtoto, kana kwamba ni siku ya kupima uzito.

Kati ya 1998 na 2003 watumiaji walibaki 39 kwa kila 100. Macho na pesa vilielekezwa kwa UKIMWI, na kliniki nyingi zikakosa dawa. Mtu akiwa ofisini huenda asione ubaya wake. Mimi niliuona siku mama yule alipokuja, sindano zimekwisha. Nilimpa kondomu, akazitazama, akazirudisha. Nikamwambia arudi wiki ijayo. Lakini kisingizio cha kila wiki atakitoa wapi? Nilimwona tena kliniki ya wajawazito, na mimi ndiye niliyempima.

Mwaka 2022 watumiaji walifika 63 kwa kila 100. Droo bado ina kadi. Ukitaka yako ibaki, mwambie muuguzi, na umwulize pia kama dawa ya miezi 3 ijayo ipo.